Kabla ya kupamba ukuta, fikiria vumbi

Kuta zilizopakwa rangi zikafanana na marumaru au mbao zinapendeza, nami sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni msasa unaotangulia. Rangi ya mafuta ya zamani huenda ina madini ya risasi. Fundi akiikwangua kavu, vumbi hutua sakafuni, mahali mtoto anapotambaa kisha akanyonya vidole. Risasi huharibu ubongo unaokua, na Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango chake kilicho salama.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei, muulize fundi atakwangua vipi. Aloweshe ukuta, avae barakoa, afute vumbi kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia. Watoto na mjamzito wahame mpaka kazi iishe na harufu itoke. Nunua rangi ya maji isiyo na risasi. Kikomo kinachopendekezwa kimataifa ni sehemu 90 kwa milioni. Fundi akisema unampotezea muda, tafuta mwingine.

Kama mtoto ameshacheza kwenye vumbi hilo, mpeleke kwa daktari hata akionekana mzima. Kipimo cha damu ndicho kitakachosema.