Amani Haikulindwa na Makombora

Wapo wasiochoka kutuhubiria kwamba silaha za nyuklia ndizo zilizoilinda dunia. Na watueleze, basi, usiku wa kuamkia 26 Septemba 1983 katika kituo cha Serpukhov-15, kusini mwa Moscow. Mitambo ya Kisovieti ilitangaza kombora moja kurushwa kutoka Marekani, kisha mengine manne. Luteni Kanali Stanislav Petrov, aliyekuwa zamuni, alijiuliza: nani aanzaye vita vya kuangamizana kwa makombora matano? Rada za ardhini nazo hazikuona kitu. Akawaarifu wakubwa wake kwamba mtambo umekosea. Na kweli ulikosea; setilaiti ilihadaiwa na mwanga wa jua juu ya mawingu.

Ujira wake? Kwa maelezo yake mwenyewe, alikemewa kwa kutojaza daftari la zamu! Naam, daftari.

Hiyo ndiyo amani wanayojivunia wenye makombora: ya mtu mmoja asiyeyaamini macho ya mtambo wao. Mwaka 2019 wakatokea waandishi wa Kimarekani kupendekeza akili bandia itambue shambulizi na kuamuru majibu. Mtambo wa Serpukhov-15 ungekabidhiwa kazi hiyo, ungefyatua.