Mkuki wa Otenyo Wangoja Utenzi

Tunapolinganisha mashujaa wa jamii mbalimbali, aghalabu twaanza na silaha: samurai wa Japani na upanga wake, Fumo Liyongo wa Pate na upinde wake. Mkuki wa Otenyo Nyamaterere, aliyemchoma afisa wa Kiingereza Geoffrey Northcote huko Kisii mnamo Januari 1908, twautaja kwa sentensi moja, kisha twapita.

Je, mkuki ni duni kuliko upanga? La hasha! Samurai walikatazwa kubeba panga hadharani mwaka 1876, lakini sifa zao zilikwisha kuandikwa. Liyongo aliuawa kwa sindano ya shaba, ila utenzi wa Muhamadi Kijumwa wa mwaka 1913 ungali ukisomwa madarasani. Otenyo naye aliuawa. Habari zake, pamoja na za Moraa wa Ngiti, nabii aliyemhimiza bila kushika silaha yoyote, zimebaki zaidi vinywani mwa wazee.

Wasomi wenzangu wa Kisii na Nyamira, wazee hao wanapungua. Tusiishie kuzihakiki tenzi za pwani. Tuwasikilize kwa Ekegusii, kisha tutunge kwa Kiswahili.