Shada Ambalo Halikupata Kuwapo

Wapo wahakiki waliorithi bila kuhoji daraja alizozipanga André Félibien nchini Ufaransa katika karne ya 17: mchoraji wa binadamu juu, mchoraji wa maua chini. Hoja yao ni kwamba huyu wa pili hunakili tu kilichowekwa mezani. Hoja hiyo haina mashiko.

Picha moja ya maua ya Jan van Huysum wa Amsterdam, iliyochorwa kwa rangi za mafuta na sasa imo National Gallery, London, ina tarehe mbili: 1736 na 1737. Huo haukuwa uzembe. Mchoraji huyo aliwahi kumweleza mteja kwamba kazi haijakamilika kwa kuwa waridi la manjano halijapatikana. Aliyasubiri maua yachanue, kisha akayakutanisha ya majira mbalimbali katika chombo kimoja. Ua moja moja lilitoka bustanini. Shada zima lilitoka akilini. Lipi likae mwangani, lipi lizame kivulini, bua lipi lipinde ili kuliongoza jicho: hayo hayakunakiliwa popote.

Anayekuita huko kunakili, na amwite mshairi mnakili wa kamusi, maana naye maneno hakuyaumba.