Bei ya Umeme na Mkono wa Serikali

Mwezi Desemba 2016 Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) ilitoa uamuzi juu ya ombi la TANESCO la kupandisha bei ya umeme. Shirika liliomba nyongeza ya asilimia 18.19, EWURA iliruhusu asilimia 8.5, ianze kutozwa Januari 1, 2017. Haikutozwa. Waziri mwenye dhamana aliisitisha kabla ya siku hiyo kuwadia, na Rais John Magufuli akamwondoa kazini mkurugenzi mtendaji wa TANESCO.

Wengi walishangilia, nasi hatuwalaumu. Kinyozi, fundi cherehani na mwenye mashine ya kusaga wanajua nyongeza ya namna hiyo hulipwa na nani. Hata hivyo twauliza: ikiwa uamuzi uliofikiwa kwa utaratibu wa sheria waweza kutenguliwa kwa tamko la siku moja, mwananchi aitwe tena kwenye mkutano wa taftishi kwa ajili ya nini?

Serikali ndiyo mwenye mali ya TANESCO. Ndiyo pia mteja wake, na mara nyingine mteja asiyelipa. Machi 2017 Rais huyo huyo aliliagiza shirika liwakatie umeme wadaiwa sugu, taasisi za serikali zikiwamo (agizo la haki, tunakiri). Basi mwenye duka anapokuwa pia mdaiwa wa duka, haifai ashike na mizani. Ndiyo maana sheria ya mwaka 2001 iliunda chombo cha kupima gharama za shirika pamoja na haki ya mlaji, nacho kikaanza kazi mwaka 2006. Asiyeridhika aweza kukata rufaa kwenye Baraza la Ushindani. Njia hiyo ni ndefu, lakini huacha sababu zilizoandikwa, ambazo mtu aweza kuzisoma na kuzipinga.

Hatusemi kwamba wadhibiti ni malaika. Waliozoea mahesabu ya ofisini huweza kumsahau anayesomea kibatari. Lakini bei iliyozuiwa haifuti gharama: shirika lisilo na fedha huchelewesha nguzo na transfoma, na kijiji kisichounganishwa ndicho hungoja zaidi.

Viongozi wa jumuiya ndogondogo, tangazo la taftishi litakapotoka, lisomwe baada ya misa. Wachaguliwe wawili watatu waende na hesabu zao za LUKU na za mapato ya mwezi. Swali lao la kwanza liwe hili: taasisi za umma zinadaiwa kiasi gani, na zitalipa lini?