Nyumba Ikiuzwa, Safu Hupungua: Ilani ya Watu wa Mitaa ya Amu

Alfajiri, katika msikiti mmoja wa mtaa wa Mkomani, imamu hugeuka kabla ya takbira kutazama kama safu imenyooka. Wazee wetu wanakumbuka safu zilizojaa mpaka mlangoni. Siku hizi ni moja, na hiyo moja haifiki ukutani. Jengo lenyewe halina neno: chokaa mpya, birika lina maji, mlango wa nakshi umepakwa mafuta. Waliopungua ni watu. Hawakufa wote, wala hawakuacha dini. Waliuza.

Sisi tunaotoa ilani hii ni wenyeji wa mitaa ya Amu (Lamu): maimamu na walimu wa vyuo vya Kurani, wavuvi, mafundi wa chokaa, kina mama, vijana wa mashua ambao chakula chao cha leo kimetoka mfukoni mwa mgeni. Hilo la mwisho tunalisema mapema, asije mtu akatuita maadui wa utalii. Amu ni bandari, na wageni tumewazoea tangu enzi na enzi. Habib Swaleh, aliyeanzisha Msikiti wa Riyadha, asili yake Ngazija. Aliishi mtaa wa Langoni, akasomesha watoto ambao hakuna aliyewajali, na hapa ndipo alipozikwa. Mgeni wa namna hiyo aliongeza safu.

Mwaka 1986 serikali iliutangaza mji huu kuwa turathi ya taifa, na mwaka 2001 UNESCO ikautia katika orodha ya Urithi wa Dunia. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kwamba Amu ni kituo cha wanazuoni na elimu ya dini. Tulifurahi, na haki yetu. Kisha zikaja sheria. Ukitaka kubadili dirisha, omba kibali. Ukitaka kutumia saruji badala ya chokaa, utaulizwa, na ni vyema uulizwe. Lakini ukitaka kuiuza nyumba nzima, pamoja na miaka mia mbili ya watu waliozaliwa na kufa ndani yake, hakuna anayekuuliza kitu. Jiwe lina mlinzi. Mwenye kulikalia hana.

Nyumba ya Amu haikujengwa iwe pango la kukodisha vitanda. Ina daka nje, mzee akae na wageni wake bila kuwasumbua wa ndani. Ina tekani inayopinda, anayepita njiani asione kitu. Ina kiwanda, yaani uwanja wa ndani ulio wazi juu, cha kupunga upepo, na nyuma kabisa chumba kiitwacho ndani, penye zidaka ukutani. Baba alimjengea binti nyumba alipoolewa, na nyumba mbili za ndugu zikaunganishwa juu ya njia kwa wikio, wanawake wakapita bila kushuka chini. Leo ziko wikio ambazo upande mmoja wanaishi watu, na upande wa pili mlango umepigwa msumari kwa sababu mwenye nyumba yuko Ulaya mpaka Desemba.

Na juu ya paa mambo ni mazito zaidi. Nyumba za wageni zimeongezwa makuti juu ili watu wanywe chai wakitazama bahari. Wanatazama bahari, kweli, lakini chini ya macho yao kuna kiwanda cha jirani. Mama mmoja wa mtaa wetu hakai tena kiwandani kwake kusuka nywele za mabinti zake mchana. Ametundika shuka. Nyumba iliyojengwa kwa ustadi wote ule kuficha ndani isionekane, sasa inaonekana kutokea juu, na kibali cha lile paa kina muhuri.

Anayetaka kuona kesho ya Mkomani apande mashua aende kijiji cha Shela. Msikiti wa Ijumaa wa 1829 bado umesimama na mnara wake, watalii wanaupiga picha. Azunguke nyuma yake ahesabu nyumba ambazo funguo zake anazo mlinzi.

Sasa tuseme la aibu. Hakuna aliyetunyang'anya. Dalali ni mtoto wetu, shahidi ni jirani yetu, na karamu ya kuuza nyumba tumeila. Nyumba moja ina warithi 15. Mmoja yuko Mombasa, wawili Jeddah, mwingine ana deni la hospitali. Dari linavuja, boriti zimeoza, na marufuku ya kukata miti ya mwaka 2018 iligusa hata mikoko yetu, boriti zikawa adimu na ghali. Mzungu anakuja na fedha taslimu. Nani atamlaumu muuzaji? Tena tukiri: baadhi ya nyumba zilizonunuliwa zingekuwa magofu leo.

Lakini fedha ya utalii ina miguu. Mwaka 2011 wageni wawili walitekwa katika visiwa hivi, hoteli zikafungwa. Mwaka 2014 likatokea shambulio katika mji wa Mpeketoni, ikaja kafyu, hata wavuvi wa usiku wakakatazwa bahari. Mwaka 2020 korona. Mara zote tatu wageni walitoweka, na waliobaki mjini ni wale wale wanaoamka kwa adhana.

Kwa hiyo tunataka haya. Mwenye shida apangishe kwa miaka, asiuze. Mkataba uandikwe, nyumba irudi kwa watoto wake. Akilazimika kuuza, atangaze kwanza msikitini, na mtaa upewe muda wa kuchanga. Tunajua wanazuoni wetu wa Kishafi watasema shufaa, haki ya kununua kwanza, ni ya mshirika katika mali, jirani hana. Sawa. Hatuombi hukumu ya kadhi, tunaomba adabu ya ujirani. Tunataka wakfu zifufuliwe: zamani msikiti ulikuwa na duka lake na minazi yake, na mapato yalitengeneza dari. Nyumba ikiwekwa wakfu haiuziki, basi. Tunataka ada anayolipa mgeni kuingia ngomeni na katika makumbusho ihesabiwe hadharani, na sehemu yake inunue boriti na chokaa kwa ajili ya nyumba zinazokaliwa. Paa lolote linalochungulia kiwanda cha mtu lizibwe. Na Maulidi ya mfunguo sita ni ibada. Mgeni karibu, avue viatu, akae, asikilize matari. Asitake yarudiwe kwa sababu kamera yake haikuwa tayari.

Watatuambia kuwa watu wa kisiwa hawana nguvu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wetu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi wa bandari mpya ya Lamu. Mwaka 2019 leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe ilifutwa, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Waliosimama mahakamani ni watu wa visiwa hivi. Ila kesi zile zilikuwa na adui wa nje, na hii yetu inaanzia sebuleni.

Jina hatujajipa, wala kiongozi hatujachagua. Tunaanza Ijumaa hii baada ya isha, mtaa mmoja tu, kwa daftari moja: nyumba ipi inakaliwa, ipi imeuzwa, ipi warithi wanagombana, ufunguo anao nani. Mwalimu wa chuo ataandika. Mwenye hati ya zamani aje nayo, hata kama imeliwa na mchwa. Wanawake watakuwa juu, upande wa wikio, na wao ndio watakaotaja nyumba, maana wanazijua ndani.