Vijana wa Kumsenga na Chanjo ya Homa ya Ini B

Chanjo ya homa ya ini B iliingia katika ratiba ya watoto wachanga Tanzania mwaka 2002, ikichanganywa na ile ya dondakoo, pepopunda na kifaduro. Tangu 2009 imo ndani ya sindano ya kinga tano, ambayo wauguzi huiita Penta, inayotolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Waliochanjwa mwanzoni sasa wamevuka miaka 20. Katika Kumsenga na vijiji vingine vya Kibondo na Kasulu, hao ndio wanaoendesha bodaboda, wanaonyoa wenzao saluni na wanaoanza kuzaa. Linalowahusu ni kama chanjo ya utotoni imekwisha nguvu.

Kwa aliyemaliza dozi zote tatu, Shirika la Afya Duniani halipendekezi dozi ya nyongeza. Kingamwili hupungua kweli: kijana akipimwa damu, mara nyingi hukutwa chini ya uniti 10 kwa lita, kiwango kinachohesabiwa kuwa kinga. Lakini chembe za kumbukumbu hubaki mwilini, na kirusi hiki ni kizito wa mwendo; hukaa siku 30 hadi 180 kabla dalili hazijajitokeza, muda unaoutosha mwili kutengeneza kingamwili upya. Taiwan, iliyoanza kuchanja watoto wachanga mwaka 1984, iliona maambukizi sugu kwa watoto yakishuka kutoka takriban asilimia 10 hadi chini ya 1, na kinga hiyo imedumu hadi utu uzima. Wanaostahili kupimwa kingamwili na kuongezewa dozi ni wachache: watumishi wa afya wanaoshika damu, wanaosafishwa figo, wanaoishi na VVU, na wenzi wa watu wenye kirusi.

Pengo la Kumsenga, basi, si nyongeza. Ni waliozaliwa kabla ya 2002, ambao hawakuchanjwa kabisa, na walioishia Penta ya kwanza au ya pili. Kila kaya inaombwa kutafuta kadi za kliniki za vijana wake, wakiwemo waliokulia ng'ambo ya mpaka, Burundi. Dozi iliyorukwa hukamilishwa bila kuanza upya. Asiye na kadi huhesabiwa hajachanjwa, na kurudia hakuna madhara.

Mtu mzima hupimwa kwanza, kwa kuwa chanjo haimsaidii aliyekwisha kuambukizwa. Akiwa hana kirusi, huchomwa siku hiyo, baada ya mwezi mmodi, na mwezi wa sita. Sindano ya tatu ndiyo hupotea, kwani miezi sita ni mingi na shamba halingoji. Vikundi vya kuweka na kukopa na vijiwe vya bodaboda vinaweza kuchangishana gharama, vikaenda pamoja na kumpa mmoja daftari la tarehe.

Wajawazito nao wapimwe mapema, waume zao wakiwa kando yao. Mtoto anayeambukizwa wakati wa kuzaliwa ana uwezekano wa takriban asilimia 90 wa kubaki na kirusi. Kwa mtu mzima ni chini ya asilimia 5. Penta ya wiki ya 6 humchelewa mtoto huyo, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linataka dozi ya kwanza itolewe ndani ya saa 24. Mkutano wa kijiji ni mahali halali pa kuiuliza kamati ya zahanati kuhusu dozi hiyo.

Wembe wa kunyolea, wa chale na wa tohara usitumike kwa watu wawili, maana kirusi huishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi. Kula ugali sahani moja hakuambukizi, wala kushikana mikono. Kumtenga jirani kwa sababu ana kirusi ni ukatili usio na faida. Atakayekutwa na kirusi apelekwe hospitali ya wilaya, ini lake lichunguzwe. Si wote wanaohitaji dawa mara moja. Wanaohitaji hupewa tenofovir, ambayo hukizuia kirusi kuzaliana.