MFEREJI HAUCHIMBWI KWA AMRI

Vijana wetu kadha wa kadha, wa Moshi na wa kwingineko nchini, siku hizi hutunga programu huria za kompyuta, yaani programu ambazo maandishi yake ya ndani huwekwa wazi, na kila mtu ana ruhusa ya kuyasoma, kuyarekebisha na kuyagawa. Ni jambo jema, nasi twalipongeza. Lakini mara nyingi kazi hizo hubaki mikononi mwa mtu mmoja. Akichoka au akipata ajira, kazi imekwisha. Kisha mwenyewe hulaumu kwamba wananchi hawapendi kujitolea. Sisi hatuikubali lawama hiyo.

Wananchi wa miteremko ya Kilimanjaro walijitolea tangu zamani, kabla mkoloni hajafika. Ni nani asiyeijua mifereji yao, ambayo Wachagga huiita mfongo? Maji yalichukuliwa juu, kwenye makorongo ya msituni, yakateremshwa kwa kufuata ubavu wa mlima hata yakafika vihambani. Kazi hiyo haikuwa na mshahara. Aliyeshika jembe alipata zamu yake ya maji. Asiyetokea siku ya kuzibua matope alinyimwa maji au alitozwa faini. Mzee wa mfereji aligawa zamu, na mgawo wake ulionekana na kila mtu, kwa kuwa maji hayafichiki. Akipendelea ndugu zake, jirani wa chini aliona mgomba wake unakauka, naye alijua sababu.

Wako watakaosema kwamba umoja huhitaji mkono wa nguvu. Na tuikumbuke kahawa. Mwaka 1925 wakulima wa mlimani walijiunga kwa hiari katika chama chao cha kwanza. Mwaka 1933 mahali pake pakashikwa na KNCU, na serikali ya kikoloni ikatia amri kwamba wenyeji wauze kahawa yao kwa chama hicho peke yake. Mwaka 1937 zikazuka ghasia. Wakulima hawakuuchukia ushirika, walichukia kushurutishwa. KNCU ilivuka dhoruba ile, lakini tusisahau kwamba nyuma yake palikuwa na serikali yenye polisi. Mtunga programu huria hana polisi.

Zaidi ya hayo, asiyeridhika ana haki ya kuchukua nakala ya kazi yote akafungue mfereji wake. Mwaka 1997 baadhi ya watunzi wa GCC, programu mashuhuri ya mradi wa GNU, walichoshwa na usimamizi uliokuwa mzito kupokea michango yao. Wakajitenga, wakaanzisha EGCS. Haikupita miaka miwili, na kazi ya hao waliojitenga ndiyo iliyofanywa GCC rasmi mwaka 1999.

Naye Linus Torvalds, aliyeanzisha Linux huko Finland mwaka 1991 akiwa mwanafunzi, alivuta wasaidizi wengi mno kwa sababu alitoa matoleo upesi na kupokea marekebisho ya watu asiowajua hata kwa sura. Hata hivyo ukali wa barua zake ulijulikana kote, na Septemba 2018 aliomba radhi hadharani, akakaa kando kwa muda. Mkubwa kama huyo amelazimika kujirekebisha; sembuse sisi tunaoanza?

Jambo hili latuhusu hasa kwa ajili ya lugha yetu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikisaidiana na wataalamu wa Sweden, kilitoa OpenOffice ya Kiswahili iliyoitwa Jambo. Ilikuwa fahari ya Taifa. Lakini programu hubadilika kila mwaka na istilahi mpya huingia. Tafsiri isiyopata mikono mipya huzibwa na matope kama mfereji wowote. Fedha ya wafadhili huchimba mara moja tu. Kuzibua ni kazi ya wenyeji.

Kwa hiyo hapana budi mwenye programu aeleze kwa Kiswahili ni wapi pabovu, amwachie mgeni sehemu iliyo ndogo ya kuanzia, aliandike jina lake katika orodha ya watunzi, na baada ya muda ampe mamlaka ya kupokea kazi za wengine. Hilo la mwisho ndilo gumu kwa mabwana wakubwa. Mwanafunzi wa Uru akileta sahihisho la neno moja, akangoja miezi mitatu bila kujibiwa, hatarudi. Wala asiitwe mvivu.